Fungu la Humoud

Katika chumba cha nyuma cha Bi Fakhriya walikuwa wanakohoa watu wawili, na mgonjwa alikuwa mmoja.

Mauza alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, ingawa hakuthubutu kulitamka. Alikuwa uani, chini ya upenu, anachambua mchele huku mvua ya masika ikipiga mabati, akamsikia mdogo wake Ubeid akikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayeogopa kukohoa kwa kuwa kila mara ni kama kisu kinachochoma ubavuni. Kisha, pumzi moja baadaye, kikaja kingine. Hiki kilikuwa kizito, cha kifua kipana, na kiliishia kwa mguno mdogo kana kwamba mwenyewe anaomba radhi kwa kelele. Mauza aliacha mchele. Mguno ule aliujua tangu utotoni. Ulikuwa wa kaka yao Humoud, na Humoud alizikwa masika yaliyopita.

"Ukuta huo," alijiambia. "Udongo na boriti hurudisha sauti." Akaendelea kuchambua, sikio likiwa chumbani.

Nyumba yao ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, karibu na soko. Mbele kulikuwa na duka dogo la kahawa na halua alilowaachia baba yao. Humoud alilishika mpaka alipokufa, Ubeid akalirithi, na sasa milango yake ilikuwa imefungwa. Ndani, katika chumba cha nyuma, kulikuwa na vitanda viwili vya kamba. Katika kimoja alilala Ubeid. Cha pili hakikulaliwa na mtu, lakini Bi Fakhriya alikitandika kila asubuhi, na kila Alhamisi jioni alibadilisha foronya na kukifukizia udi, kwa sababu usiku wa Ijumaa wafu huja kuangalia kwao. Watu walipomwambia akigawe sadaka kitanda kile, alijibu kwa upole, "Bado kina mwenyewe."

Hakumlilia Humoud. Siku ya mazishi alipika, alipokea wageni, aliwapa pole wale waliokuja kumpa pole. Wanawake walisifu subira yake. Mauza, aliyemjua mama yake, alitishwa na subira hiyohiyo.

Sasa Ubeid naye alikuwa ameshikwa na kichomi. Daktari Vasant, Mhindi mwenye zahanati yake upande wa Uhindini, alikuja na mwavuli, akaweka mpira wake wa kusikilizia kifuani, akagonga mgongo kwa vidole kama mtu anayechagua nazi, akasema pafu la kulia limejaa huku chini. Akaacha vidonge vyeupe. Alipotoka tu, Bi Fakhriya alivichukua, akavitupa katika mtaro uliokuwa unafurika mbele ya duka.

"Mama!" Mauza alipiga kelele.

"Vya mwenzake navyo vilikuwa vyeupe," alisema Bi Fakhriya. "Alivimeza. Midomo ikageuka buluu, mimi nimemshika kichwa. Dawa ya chupa na ya karatasi haivuki tena kizingiti changu. Mwalimu Abdulla atamwandikia kombe, Mungu akipenda atapona."

Mwalimu Abdulla aliandika kweli. Alikuwa mzee mpole wa msikiti wa jirani, na kwa kalamu ya mwanzi na wino wa zafarani aliandika aya katika sahani nyeupe za kaure, moja kwa kila sala. Mauza ndiye aliyekuwa akizisuuza sahani kwa maji, maneno yakayeyuka yakawa rangi ya dhahabu, akayamimina katika bakuli. Bi Fakhriya alilipokea bakuli mlangoni na kumnywesha mwanawe mwenyewe, mlango umefungwa. Hakutaka jicho la mtu chumbani.

Homa haikushuka. Jirani yao Bi Mgeni, mpika maandazi, mwanamke mnene mwenye ulimi usio na breki, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akakaa uani kidogo, akasikiliza, akainua nyusi.

"Mauza, nyumba yenu inakohoa yenyewe?"

"Ni mwangwi, Bi Mgeni."

"Mwangwi wa kwangu husema nilichosema mimi," alijibu Bi Mgeni. "Huo wenu unaongeza maneno." Alicheka, lakini hakumaliza kahawa yake.

Asubuhi iliyofuata Mauza alijitanda buibui, akavuka uwanja wa Mnazi Mmoja uliokuwa umejaa madimbwi, akaingia Uhindini kwa mlango wa nyuma wa zahanati. Hakumtafuta daktari. Alimtafuta mkewe, Kusum, ambaye kwa miaka mingi Mauza alikuwa akimpelekea kofia na foronya alizozidarizi mwenyewe. Kusum ndiye aliyefunga dawa zote za mumewe. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, sari imekunjwa magotini, akifunga dawa ya unga ya mtoto katika karatasi.

"Nilijua utakuja," alisema Kusum. "Mume wangu aliona macho ya mama yako. Kavitupa?"

"Kavitupa."

Kusum akafungua kabati. "Sikiliza, binti. Mwaka jana kaka yako alipougua hatukuwa na kitu. Tulimpa vidonge vya kutuliza homa, basi. Hatukuwa na kitu." Alirudia maneno hayo kana kwamba naye huyasikia yakimrudia usiku. "Hii ni nyingine. Ni dawa ya salfa, imekuja na meli mwaka huu. Nimeona mtu aliyeletwa akiwa anahema kama samaki nchi kavu, nikamwona anaondoka kwa miguu yake anagombana na mkewe."

"Inaua ugonjwa?"

"Haiui."

Mauza akashangaa. "Dawa gani isiyoua?"

"Unga wako ukiingia fukusi unafanyaje?"

"Nauanika, nawaita kuku wadonoe."

"Haya. Kuku anadonoa kutwa, lakini fukusi anataga upesi kuliko kuku anavyodonoa. Ndicho kichomi hicho. Kuku amechoka, fukusi wanazidi. Sasa akija mtu akawafunga vizazi fukusi wote, wasitage tena. Kuku atawaweza?"

"Atawaweza. Wataisha."

"Dawa kazi yake ni kufunga vizazi tu. Kuku ni damu ya Ubeid mwenyewe. Damu ndiyo inayowamaliza. Lakini dawa lazima ikae mwilini muda wote, mchana na usiku. Ikipungua, hao waliobaki wanaanza kutaga upya, na safari hii kuku amechoka zaidi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Usimpe mgonjwa wa malaria, hiyo ina kwinini yake. Mafua nayo haiyajui. Hii ni ya kichomi, na homa ya uti wa mgongo, na majeraha yanayotunga usaha, na ule ugonjwa ambao wanaume huja kumnong'oneza mume wangu huku kofia wamezivuta mpaka puani."

Mauza alicheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka, na kicheko kilimtoka kama kikohozi.

"Anywe maji mengi. Asile mayai wala vitunguu. Atatapika, na midomo yake huenda ikageuka buluu." Kusum alimshika mkono aliposema hivyo. "Buluu hiyo ni ya dawa, Mauza. Siyo ya kifo. Usiache kwa sababu ya hiyo."

"Na malipo, Bibi Kusum?"

"Ubeid ataleta halua mwenyewe. Kwa miguu yake."

Njiani kurudi Mauza aliificha karatasi ya vidonge kifuani, na akili yake ilikuwa mbali. Ubeid hatapokea kitu isipokuwa mkononi mwa mama. Mama hatampa kitu isipokuwa kombe. Basi dawa ingepita mlango uleule wa kombe. Alipofika jikoni alitwanga vidonge katika kinu kidogo cha iliki mpaka vikawa unga laini, akauchanganya katika bakuli la maji ya zafarani. Alikoroga huku midomo ikimcheza. Aliogopa kuwa anakosea adabu mbele ya maneno ya Mungu. Lakini alijiambia kuwa Mwenye maneno ndiye aliyewapa watu akili ya kutafuta dawa, na kwamba kama ni dhambi, aandikiwe yeye.

Mlangoni Bi Fakhriya alitazama bakuli. "Limekuwa zito."

"Zafarani imekolea, Mama."

Kwa upenyo wa mlango alisikia sauti dhaifu ya Ubeid, ambaye hata katika homa hakuacha mzaha. "Mama, leo Mwalimu kasahau chaki ya chuoni humu ndani." Kisha akasikia koo likimeza, koo likimeza, mpaka mwisho.

Alifuata sala zote, na usiku alijitia anasuuza sahani ya ziada. Na dawa ikafanya kazi. Joto la Ubeid likashuka. Alihema bila kuguna, akaomba uji, akamuuliza Mauza kama wateja wa kahawa wamekwisha kuhamia kwa Wahaya wanaouza kahawa au bado wanamsubiri. Mauza alienda nyuma ya jiko akalia kwa furaha, kanga mdomoni ili asisikike.

Lakini kadiri kikohozi cha Ubeid kilivyopungua, kile kingine kilizidi.

Sasa hakikuja nyuma ya cha Ubeid. Kilikuja chenyewe, mchana kweupe, Ubeid akiwa amelala kimya. Kizito, kirefu, na mguno wake mwishoni. Mauza alikisikia akifua. Alikisikia akikuna nazi. Alimwona mama yake uani akigeuza kichwa kuelekea chumbani, uso umemlegea kwa huruma, kama mama anayemsikia mtoto wake aliyesahauliwa katika mgao.

Ndipo homa ya Ubeid ikarudi. Ilirudi alasiri moja ghafla, kwa baridi iliyotikisa kitanda, na kufikia asubuhi alikuwa hamjui mtu. Dawa ilikuwa ileile, sahani zilezile, bakuli lilirudi tupu kila mara. Mauza alikimbia tena Uhindini, buibui limemnata mwilini kwa mvua.

Kusum alimsikiliza bila kumkatiza. "Anameza yote?"

"Bakuli linarudi halina hata tone."

"Sikukuuliza bakuli. Nimekuuliza yeye. Umeona kwa macho yako anameza?"

"Mama hufunga mlango."

"Nenda kaone," alisema Kusum. "Unga wa dawa hii hauyeyuki vizuri, unatuama chini. Na safari hii, binti, hatuna muda wa kukosea tena."

Adhuhuri ile alimpa mama yake bakuli kama kawaida. Mlango ulipofungwa, alizunguka nje mpaka kwenye kidirisha cha chumba, akasimama matopeni, akachungulia.

Bi Fakhriya alimwinua Ubeid kichwa, akamnywesha nusu ya bakuli. Maji ya juu, ya dhahabu, safi. Akamfuta midomo, akamlaza. Kisha akageuka na bakuli lake, akaenda kwenye kitanda cha pili, akakaa ukingoni mahali ambapo mtu hukaa asimbane aliyelala.

"Na wewe, baba," alisema. "Nimekusikia. Usikohoe hivyo, utaumia. Fungu lako hili."

Akalikoroga bakuli kwa kidole, akamimina taratibu yote yaliyotuama chini, juu ya mto, pale ambapo mdomo ungekuwa.

Mauza aliingia ndani bila kubisha. Hakujua miguu ilimfikishaje. Aliukaribia mto ule akaugusa. Foronya ilikuwa imekakamaa kwa unga mweupe uliokaukia tabaka juu ya tabaka, na katikati ya mto kulikuwa na bonde, bonde la kichwa. Hakujua kama ni maji yaliyolichimba au nini. Hakutaka kujua.

"Tangu lini, Mama?"

"Huyu alipopata nafuu." Bi Fakhriya hakuona cha kuficha. "Mwenzake alianza kulia. Humsikii? Nimeona kombe linafaa, nikasema kwa nini mmoja apone, mwingine aachwe? Wote nimewazaa mimi. Wa kwanza alikosa. Sasa na apate."

"Mama, humo ndani mna dawa."

Bi Fakhriya alilitazama bakuli mkononi mwake.

"Dawa gani?"

"Ya Daktari Vasant. Nimeitwanga mimi, nimeitia mimi. Ndiyo iliyoshusha homa, na kombe juu yake. Nipige, Mama, lakini baadaye. Unga wote unakaa chini. Ubeid umempa maji, dawa umempa mto."

Bi Fakhriya aliinua mkono, na Mauza akafumba macho kulisubiri kofi. Halikuja. Alipofumbua, mama yake alikuwa ameshika bakuli kifuani kwa mikono miwili.

"Umetia unga wa kafiri katika maneno ya Mungu."

"Ndiyo, Mama."

"Na umenidanganya mimi."

"Ndiyo."

"Na unataka nimnyime Humoud." Sauti ilimpasuka hapo. "Unamsikia anavyokohoa?"

Mauza alitaka kusema hapana. Ingekuwa rahisi. Angeweza kusema ni ukuta, ni boriti, ni mwangwi. Lakini wakati uleule, kutoka kwenye kitanda kile kitupu, kilitoka tena, na mguno wake mdogo wa kuomba radhi, na mama na binti wakageuka pamoja.

"Namsikia," alisema Mauza. "Namsikia tangu mwanzo. Lakini dawa hii haimfai, Mama. Siyo kwamba namwonea choyo. Dawa yenyewe haiponyeshi mtu. Inawazuia tu wadudu wasizaane, halafu inasubiri. Inasubiri damu ya mtu ije imalize kazi. Nusu ni yake, nusu ni ya mwili wa mgonjwa. Humoud hana damu, Mama. Ukimpa bahari nzima ya dawa itamsubiri tu. Hana cha kuipokea. Aliyebaki na damu ni huyu hapa, na damu yake inachoka."

Ubeid alikoroma kifuani. Mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila pumzi.

"Kwa hiyo nichague," alisema Bi Fakhriya polepole. "Mama achague."

Mauza alitoa karatasi kifuani, akafungua, akaiweka mkekani kati yao. Vidonge vyeupe, bila zafarani, bila kujificha. Kama mama angevitupa tena mtaroni, hakukuwa na hila nyingine.

Bi Fakhriya alivitazama. Kisha alisimama, akaenda kwenye kitanda cha pili, akaweka mkono juu ya lile bonde la mto.

"Humoud," alisema. "Humoud, baba yangu. Leo sikupi. Na kesho sikupi. Hiki ni cha mdogo wako." Alisita, na midomo ilihangaika kulitafuta neno ambalo mwaka mzima haikulitamka. "Wewe umekwisha kufa, mwanangu. Nisamehe. Umekufa. Nenda."

Akarudi, akakaa chini, akampakata Ubeid kichwa, akamtia kidonge ulimini kwa kidole chake mwenyewe na kumpa maji. Koo likameza. Bakuli la kombe akampa baadaye, peke yake, akimsomea.

Saa zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Ubeid alitapika, wakampa tena. Aliweweseka, akamwita kaka yake kwa jina, akamwambia, "Nisogelee, nina baridi," kana kwamba mtu amekaa karibu naye. Na jioni Mauza aliona kitu alichokuwa akikiogopa: midomo ya Ubeid ilikuwa imegeuka rangi. Buluu ilianzia pembeni, ikatambaa katikati, ikashika kucha.

Bi Fakhriya aliiona. Akayamwaga maji aliyoshika. "Ileile," alinong'ona. "Ileile, Mauza. Nimemshika kichwa namna hiihii."

"Ni ya dawa, Mama. Niliambiwa itakuja."

"Una hakika?"

Mauza hakuwa na hakika. Alikuwa na neno la Kusum, na mkono wa Kusum uliomshika. "Nina hakika," alisema.

Kutoka kwenye kitanda kitupu kikohozi kilikuja kwa fujo, kikawa kama cha mtu anayegonga mlango. Bi Fakhriya alilia bila machozi, kwa koo tu, lakini hakugeuka. Alichukua kidonge kingine, akamfungua mwanawe mdomo, ile midomo ya buluu.

Walikaa hivyo, mmoja akisinzia, mwingine akinywesha. Mwadhini aliadhini, na akaadhini tena. Mvua ilikatika wakati fulani ambao hakuna aliyeuangalia.

Mauza alishtuliwa na unyevu. Alikuwa amelalia mkono wa Ubeid, na mkono ule ulikuwa umelowa jasho, unateleza, wenye ubaridi wa kawaida wa mtu asiye na homa. Alimgusa shingo. Alimgusa kifua. Pumzi ilikuwa inashuka mpaka chini na kupanda bila kujikwaa. Nje jua lilikuwa limetoka, na makuli wa sokoni walikuwa wanapigiana kelele za kupishana na magunia.

"Mama," alisema. "Mguse."

Bi Fakhriya alimgusa. Aliacha kiganja pale kwa muda, mpaka alipoamini. Kisha akainua uso, akasikiliza. Mauza naye akasikiliza. Chumbani hamkuwa na sauti isipokuwa pumzi ya mtu mmoja aliyelala usingizi.

Kilio kilichomtoka Bi Fakhriya hakikuwa cha mtu mzima aliyesifiwa kwa subira. Kilitoka chini, kikaruka ukuta wa uani, kikafika barabarani. Alianguka kifudifudi juu ya kitanda kile kitupu, akaukumbatia mto wenye unga, akalia kama wanawake wanavyolia jeneza linapoinuliwa mlangoni.

Bi Mgeni aliingia mbio, mikono imejaa ngano, upande mmoja wa kanga unaburuza chini. "Innalillahi! Ubeid! Mtoto wa watu jamani, Ubeid!" Akafika mlangoni, akasimama kama aliyepigwa. Ubeid alikuwa amefumbua macho, anamtazama.

"Bi Mgeni," alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali. "Nani kafa?"

Bi Mgeni alimtazama Mauza. Mauza alimtazama mama yake.

"Humoud," alisema Bi Fakhriya ndani ya mto. "Humoud wangu amekufa."

Bi Mgeni alijipangusa ngano kwenye kanga, akaketi mkekani, akavuta upande wa kanga usoni, akaanza kumlilia naye.